Bhuj: Kasri za Jangwani Zilizojengwa kwa Mali ya Bahari

Wengi wetu tunaokwenda India kutoka Afrika Mashariki huenda kwa matibabu, kwa masomo au kufuata bidhaa, na tukipata nafasi ya kutembea huelekezwa Agra kuliona Taj Mahal au Jaipur kupiga picha mbele ya kuta zake za rangi ya waridi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mjini Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, na miji hiyo miwili nimeiona na sikuidharau. Hata hivyo, mji ulionifundisha namna ya kutazama ngome, kasri na mahekalu ni Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kutch, ulio kusini ya jangwa la chumvi linalopakana na Pakistan. Watalii wengi huupitia haraka wakielekea jangwani. Kwa mtu wa pwani yetu, na hasa kwa mtu aliyezaliwa Zanzibar kama mimi, nadhani Bhuj ina mambo yanayotuhusu kuliko Agra na Jaipur zikijumlishwa pamoja, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kutoka Ahmedabad hadi Bhuj ni zaidi ya kilomita 300 kuelekea magharibi, na zipo treni za usiku zinazomfikisha msafiri asubuhi mapema. Nilisafiri na dada mmoja wa Kenya aliyekuwa akisomea famasia, mzaliwa wa Garissa aliyekulia Mombasa. Kulipopambazuka tuliona nje ya dirisha nchi kavu iliyo tambarare, nyati wa maziwa wakichungwa na mtoto mmoja, na vichaka vya miiba visivyo na mwisho. Yule dada alitazama kwa muda, kisha akasema, "Haya, mathenge wametufuata mpaka huku." Kweli ulikuwa mti ule ule unaowasumbua wafugaji wa Baringo na wa Mto Tana. Huko Kutch ulipandwa kwa nia njema, ili kuzuia chumvi ya jangwa isisonge mbele, ukaishia kuyameza malisho ya nyanda za Banni. Wanaotaka kwenda wazingatie kwamba miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo inayofaa kwa matembezi, na kwamba asubuhi za Januari zina baridi inayohitaji sweta, jambo ambalo mtu wa pwani halitegemei katika nchi ya jangwa. Mwezi Mei joto hupita nyuzi 40, na sioni raha ya kupanda ngome katika hali hiyo.

Bhuj ilifanywa mji mkuu wa ufalme wa Kutch na Rao Khengarji wa Kwanza mwaka 1549. Rao ndilo lililokuwa jina la cheo cha wafalme wa ukoo wa Jadeja, waliotawala hapo hadi ufalme ulipojiunga na India huru. Mji wa kale ulizungukwa na ukuta wenye malango yaliyofungwa kila usiku, na juu yake kimesimama kilima cha Bhujia chenye ngome ya karne ya 18, ambayo kuta zake zinapanda na kushuka kufuata mgongo wa kilima. Katikati ya mji lipo ziwa la Hamirsar, lililochimbwa ili kukusanya maji ya mvua katika nchi ambayo mvua yake ni ya kubahatisha. Mwaka ambao ziwa hilo linajaa hadi kufurika, Bhuj hutangaziwa siku ya mapumziko, maji yakapokewa kwa ibada na watu wakala ladu tamu za kusherehekea. Sijaona mahali pengine ambapo ofisi hufungwa kwa sababu bwawa limejaa, na kwa mtu aliyekwisha kuuona ukame wa huko, sababu hiyo inatosha kabisa.

Swali nililojiuliza tangu mwanzo lilikuwa hili: katika nchi isiyo na mto wa kudumu, yenye kilimo cha kubahatisha na ardhi iliyojaa chumvi, fedha za kujenga kasri zilitoka wapi? Vibao vya maelezo hutaja majina ya wafalme na tarehe zao, lakini swali hilo vinalipita kando. Nilianza kupata jibu ndani ya Aina Mahal, yaani Kasri ya Vioo.

Kwa nje Aina Mahal haina makeke. Ni jengo lililopakwa chokaa, lililojibanza ndani ya ua wa kifalme, na sehemu yake ya juu iliangushwa na tetemeko la ardhi la mwaka 2001. Lilijengwa katikati ya karne ya 18 wakati wa Rao Lakhpatji, mfalme aliyependa mashairi na muziki kiasi cha kuanzisha mjini hapo shule ya kufundisha ushairi. Fundi wake mkuu alikuwa Ramsingh Malam, baharia wa Kutch. Inasimuliwa kwamba chombo chake kilivunjika baharini, akaokolewa na meli ya Waholanzi, akakaa Ulaya miaka mingi akijifunza kutengeneza vioo, vigae, saa na mambo ya uhandisi. Aliporejea, Lakhpatji alimpa kazi, na huko Mandvi, bandari ya Kutch, kikaanzishwa kiwanda cha vioo. Kwa hiyo kasri hii, ambayo kwa mtazamo wa haraka ni anasa ya mfalme wa jangwani, ilibuniwa na mtu wa bahari.

Chumba kinachovutia zaidi ni ukumbi wa burudani, ambamo Rao alikaa juu ya jukwaa lililozungukwa na mfereji wa maji, akisikiliza waimbaji huku chemchemi zikipoza hewa kwa maji yaliyovutwa kwa mtambo aliousanifu Ramsingh. Kuta ni za marumaru nyeupe zilizofunikwa kwa vioo vyenye fremu za dhahabu. Sakafu ina vigae vyeupe vyenye michoro ya buluu kwa mtindo wa Kiholanzi, na nilichuchumaa kuvitazama kwa karibu. Katika vigae vingi rangi imetambaa kidogo nje ya mstari, na jani lililochorwa kwenye kigae kimoja halilingani na jani la kigae cha jirani. Ni kazi ya mkono ya watu waliokuwa wakijifunza ufundi mgeni, na kwangu mimi kasoro hizo zinapendeza kuliko vioo vyenyewe, ambavyo vingi vimefifia na kuingia madoa meusi.

Kisha upo mlango. Ni mlango wa mbao ulionakshiwa kwa pembe za ndovu, maua na mizabibu iliyokatwa vipande vyembamba kama ukucha na kupachikwa ndani ya mbao kwa namna ambayo kidole kikipita juu yake hakigundui kiungo. Mlinzi aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki aliniuliza kwa Kihindi natoka wapi. Nilipomjibu kuwa natoka Zanzibar, Afrika, alinyanyua mkono akauelekeza kwenye mlango ule na kusema kwamba basi hizo ni pembe za kwetu. Alisema bila kejeli na bila kuomba radhi, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba la babu yake.

Maneno ya mlinzi yule yana msingi mzito katika historia. Kwa karne nyingi majahazi ya Mandvi yalipanda upepo wa kaskazi hadi pwani yetu, yakapeleka nguo za pamba, zikiwamo kaniki zilizotiwa nili, na kurudi kwa upepo wa kusi yakiwa na pembe za ndovu. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa na mafundi wa India magharibi kwa sababu ni kubwa na laini kuchonga, na sehemu kubwa ilikatwa bangili za maharusi wa Gujarat na Kutch. Katika karne ya 19 uhusiano huo ulikua hata ukawa msingi wa dola ya Zanzibar yenyewe. Kwa muda mrefu wa karne hiyo, forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ukoo wa Kibhatia, jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu, kutoka Mundra, bandari nyingine ya Kutch. Ladha Damji, aliyeisimamia kazi hiyo kwa niaba yao, alikuwa mtu ambaye wasafiri wa Kizungu walioelekea bara walilazimika kumwendea kutafuta mikopo na bidhaa. Baadaye forodha ilishikwa na Tharia Topan, Mwismailia aliyezaliwa Lakhpat, kaskazini-magharibi ya Kutch, ambaye ndiye aliyeanzisha ujenzi wa jengo lile la roshani za mbao zilizochongwa linaloikabili bahari pale Mizingani, ambalo sisi tunaliita Dispensari ya Zamani. Nimepita mbele ya jengo hilo maisha yangu yote. Nililazimika kufika Bhuj ndipo nikaelewa kwamba ni tawi la mti ambao shina lake lipo huku.

Haitakuwa haki kuusimulia uhusiano huu kama hadithi ya nguo na nakshi peke yake. Mitaji ya Kutch iliendesha misafara ya bara, na misafara hiyo ilichukua pembe na watu. Baadhi ya watu wa Kutch waliokaa Zanzibar walimiliki watumwa, na wengine walifadhili biashara hiyo. Mwaka 1869, kwa msukumo wa Waingereza, Rao Pragmalji wa Pili alitoa tangazo la kuwakataza raia wake waliokuwa Zanzibar kujihusisha na biashara ya watumwa. Huko Kutch na sehemu nyingine za Gujarat wapo Masidi, wazao wa Waafrika waliofika kama watumwa, askari na mabaharia, ambao leo ni Wahindi kwa lugha na mavazi na bado wanapiga ngoma zao katika ziara za mawalii wao. Wageni wengi huwaona kama kivutio cha kupigwa picha. Mimi nilikutana na kijana mmoja wa Kisidi sokoni akiuza vifuniko vya simu, tukazungumza kuhusu mpira wa Ulaya, na sikuona sababu ya kumgeuza kuwa somo la historia wakati ana wateja.

Rao Pragmalji huyo huyo ndiye aliyeanza kujenga, mwaka 1865, kasri ya pili iliyo katika ua ule ule, Prag Mahal. Iliyosanifiwa na kanali wa Kiingereza, Henry Saint Clair Wilkins, kwa mtindo wa Kigothiki wa Italia, ilimalizika mwaka 1879 baada ya mfalme mwenyewe kufariki, na mafundi wengi wa kuchonga mawe walikuwa wenyeji wa Kutch. Nakiri kwamba siipendi sana. Ina nguzo nzito, madirisha ya kanisa, ukumbi wa baraza wenye sanamu za Kizungu na vichwa vya wanyama waliokaushwa ambao manyoya yao yanadondoka, na mtu aliyetoka Aina Mahal, hatua chache tu kutoka hapo, anahisi kuwa ufalme ulihama ghafla kutoka kubuni hadi kuiga. Kinachostahili kiingilio ni mnara wa saa wenye kimo cha takriban mita 45. Kutoka juu mji wote unaonekana: ziwa, kilima cha Bhujia, paa za mji wa kale, na nafasi tupu zilizo kati ya paa hizo.

Nafasi hizo tupu ndizo zilizonifanya nitake kujua habari za tarehe 26 Januari 2001. Siku hiyo, ambayo ni sikukuu ya Jamhuri ya India, kabla ya saa tatu asubuhi, Kutch ilipigwa na tetemeko lililofikia takriban kipimo cha 7.7. Watu wapatao 20,000 walifariki katika eneo zima, na Bhuj yenyewe, hasa mji ule wa kale wenye vichochoro vyembamba na nyumba za mawe zisizo na nguzo za zege, ilibomoka vibaya. Baada ya hapo mji ulipangwa upya. Barabara pana zilipasuliwa ndani ya mji wa kale, na familia nyingi zikahamishiwa mitaa mipya nje ya ukuta. Watu niliozungumza nao walitofautiana kuhusu hilo, kwa maana vijana walisifu barabara na wazee walisema majirani wametawanyika, na nadhani pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Mgeni anayezitazama kasri za Bhuj lazima azitazame pamoja na nyufa zake. Prag Mahal bado ina nyufa zilizozibwa kwa saruji ya rangi isiyofanana na jiwe. Majengo ya kumbukumbu ya wafalme yaliyo nje kidogo ya mji, yenye kuba na nguzo za mawe mekundu, mengi yamelala chini, na mawe yake yamepangwa kando yakiwa na namba zilizoandikwa kwa rangi, yakingoja siku ya kurudishwa. Nilipoziona namba zile nilikumbuka Beit el-Ajaib yetu, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati likifanyiwa ukarabati, bila ya tetemeko lolote. Bhuj ilikuwa imepigwa pia mwaka 1819. Mji unaojengwa juu ya ardhi inayotikisika una kisingizio, na sisi ambao adui wetu ni chumvi ya bahari, maji yanayovuja na fedha za matengenezo kuchelewa hatuna. Hapo ndipo nilipoanza kumuuliza kila mlinzi na kila mwongozaji maswali mawili: nani alilipia jengo hili, na nani anayelipia kulitengeneza? Maswali hayo yalinipa majibu marefu na ya kweli zaidi kuliko kuuliza jengo lina umri gani.

Kwa upande wa ngome, kilima cha Bhujia kimepewa maisha mapya. Mteremko wake umegeuzwa kuwa Smritivan, bustani na jumba la makumbusho la tetemeko lililofunguliwa Agosti 2022. Kuna mabwawa madogo yaliyojengwa kwa mawe kando ya njia, na kwenye kuta zake yameandikwa majina ya waliofariki, maelfu kwa maelfu. Ndani kipo chumba ambacho sakafu yake hutikisika kuiga tetemeko. Mimi niliingia, dada yangu wa safari alikataa, na baada ya kutoka niliona kwamba hakukosa kitu. Majina yaliyo nje yanatosha.

Jibu la swali la nani anatengeneza nililipata kwa ukamilifu kwenye hekalu la Swaminarayan, madhehebu ya dini ya Kihindu. Hekalu la kale la madhehebu hayo, la miaka ya mwanzo ya 1820, lilikuwa ndani ya mji wa kale karibu na kasri, nalo liliharibiwa sana na tetemeko. Jipya lilifunguliwa mwaka 2010 karibu na ziwa, la marumaru nyeupe tupu, kuba juu ya kuba, na ndani nguzo zilizochongwa hadi hakuna kiganja cha jiwe kilichoachwa bila ua, tembo au mpiga zumari. Mimi ni Mwislamu, hivyo niliuliza kwanza langoni kama naruhusiwa, na nikakaribishwa kwa sharti la kuvua viatu, kuacha mkanda wa ngozi na kuzima simu. Wanawake wana upande wao, na watawa wa madhehebu haya hawazungumzi na wanawake kabisa. Mwenzangu alielekezwa huko na mama mmoja mzee, na alipotoka alikuwa na peremende mkononi na habari nyingi kuliko zangu, kwa kuwa mama yule alikuwa amekaa Mombasa na walizungumza Kiswahili muda wote.

Hilo halikuwa jambo la ajabu, kama tulivyokuja kugundua. Jamii ya Wapateli wa Kutch kutoka vijiji vinavyoizunguka Bhuj, kama Madhapar, Sukhpar na Baldia, ilianza kuhamia Kenya na Uganda katika enzi ya ukoloni, wengi wakiwa mafundi wa kujenga kwa mawe, na baadaye wengi wao walikwenda Uingereza. Baadhi ya mahekalu ya Swaminarayan ya Nairobi na Mombasa ni yao. Hekalu hili jipya la Bhuj lilipojengwa, michango mingi ilitoka kwao, ikiwemo shilingi zilizochumwa kwenye majengo ya Nairobi. Niliposimama chini ya kuba kuu nilikuwa tayari nimekwisha kuona pembe za ndovu za karne ya 18 kwenye mlango wa Rao. Tofauti ni kwamba fedha za mara hii zilitolewa kwa hiari na mafundi waliozitolea jasho, na majina ya wachangiaji yameandikwa.

Siku iliyofuata tulichukua bajaji hadi Madhapar, ambacho ni kijiji kwa jina tu. Kwenye barabara yake moja niliona matawi ya benki mengi kuliko niliyowahi kuona katika wilaya nzima kwetu, kwa sababu akiba za waliohamia ng'ambo huwekwa huko. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alitusikia tukizungumza akaita kwa sauti, "Habari zenu! Watoto wa wapi nyinyi?" Tulimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa furaha kubwa. Alikuwa kontrakta Nairobi kwa miaka mingi, akarejea uzeeni. Swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa bei ya unga, na mwenzangu alipomtajia bei ya paketi ya kilo mbili, alishika kichwa. Kisha akatupeleka kwenye mnara wa kumbukumbu ya wanawake wa kijiji hicho. Katika vita vya Desemba 1971 ndege za Pakistan zililipua njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa kijeshi wa Bhuj, na wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, waliifufua kwa saa 72, wakibeba mawe na saruji vichwani na kukimbilia vichakani king'ora kilipolia. Mzee alisimulia hayo kwa Kiswahili cha Nairobi, akichanganya na Kikutchi alipokosa neno, na mwisho akasema, "Wafalme wanapigwa picha sana. Hawa mama, picha yao mnapiga?" Tulipiga.

Niongeze mambo machache ya matumizi. Majumba ya Bhuj hufungwa mchana kwa mapumziko, na hekalu pia hufunga milango ya sanamu zake saa hizo, kwa hiyo anayefika saa saba hupata walinzi waliolala. Mgeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, na kupiga picha hulipiwa kivyake. Jumba la makumbusho la Kutch, la mwaka 1877 na la kale kuliko yote Gujarat, lina vumbi lakini lina maandishi ya mawe ya zamani mno, na saa moja inatosha. Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe, na chakula kingi ni cha mboga. Jioni kando ya Hamirsar huuzwa dabeli, skonzi iliyojazwa viazi vyenye viungo, karanga na punje za komamanga, na nimekula nyingi kuliko nilivyopaswa. Anayependa vitambaa aende Ajrakhpur, kijiji kilichoanzishwa baada ya tetemeko na wapigaji chapa za ajrakh waliohama kijiji chao cha Dhamadka kwa sababu maji yake yalibadilika na kujaa chuma, na rangi za nili na nyekundu zinazotegemea ubora wa maji zikaharibika. Huko utaonyeshwa kitambaa kikifuliwa, kikipigwa muhuri wa mbao uliochovywa chokaa na gundi, kikitiwa rangi, kikifuliwa tena, kazi ya majuma kadhaa kwa nguo moja, na baada ya hapo bei haitakuonea.

Mwishoni tulikwenda Mandvi, mwendo wa kilomita 60 kusini kwa basi. Kwenye kingo za mto Rukmavati bado vinaundwa vyombo vya mbao, mbavu zake ndefu zikiwa zimeegemea magogo, mafundi wakiziba mianya kwa pamba iliyopakwa mafuta kwa nyundo ileile ya mbao niliyoizoea kuiona Nungwi. Vyombo hivyo siku hizi huendeshwa kwa injini na hufanya biashara na nchi za Ghuba na Somalia. Fundi mmoja alitaka kujua kama Zanzibar bado wanaunda majahazi na mbao wanazipata wapi, na tulizungumza bei ya mbao kwa muda mrefu kuliko nilivyozungumza na mwongozaji yeyote wa kasri.

Kwa hiyo, kwa anayetoka kwetu na mwenye nafasi ndogo, ningeshauri ageuze mpangilio ambao mawakala wa utalii huupendekeza. Afike Mandvi kwanza, alale huko, autazame mto na viunzi vya vyombo, kisha apande basi la asubuhi kwenda Bhuj ili awe mlangoni kwa Aina Mahal kabla ya kufungwa kwa mchana, aiache Prag Mahal iwe ya mwisho ikiwa muda utabaki, na Madhapar aende alasiri, wakati wazee wamekwisha kuketi barazani.